Brussels, Bukavu au Mombasa: Wapi Maisha ni Nafuu Kweli?

Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda walioingia Ubelgiji wakiwa vijana katika miaka ya 1980 na 1990 sasa wanastaafu. Wamesafisha hospitali, wameendesha mabasi, wamefundisha, wamelea wazee wa watu wengine, na kila mwezi wamekatwa michango yao. Tangu Februari 2025 umri wa kustaafu nchini humo ni miaka 66, na mwaka 2030 utapanda hadi 67. Anayeukaribia umri huo hukutana na swali lile lile saluni, kanisani na msibani: nizeekee wapi?

Vijana wa Goma, Nairobi na Dar es Salaam nao wana swali lao linalofanana na hilo. Wanataka kujua ni nchi gani ya Ulaya mtu anaweza kuishi miaka mingi bila mshahara wote kumezwa na pango. Wazee na vijana hawa huanza na hesabu ya sokoni: bei ya mchele, kodi ya nyumba, nauli ya basi. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inaishia njiani. Unafuu wa nchi huonekana siku mtu anapougua, mtoto anapofikia umri wa shule, na kibali cha ukaazi kinapokaribia kwisha. Brussels inafundisha somo hilo vizuri kuliko miji mingi, kwa kuwa ni ghali dukani lakini hospitalini mambo ni tofauti.

Pango ndilo linaloumiza kwanza

Matongé ni mtaa wa Ixelles uliochukua jina lake kutoka Kinshasa. Ukishuka Porte de Namur na kuifuata Chaussée de Wavre utakuta sombe iliyogandishwa, makayabu, ndizi za kupika, mawese kwenye makopo, na saluni zilizopangana mlango kwa mlango. Kilingala na Kifaransa ndivyo vinavyotawala, lakini Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi hakikosekani. Wengi wanaonunua hapo, hata hivyo, hawalali hapo. Kutoka Matongé hadi Bunge la Ulaya ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mishahara ya watumishi wa Umoja wa Ulaya imevuta kodi za nyumba za eneo lote hilo juu. Mnunuzi wa sombe hupanda basi au metro kurudi Anderlecht, Molenbeek, Schaerbeek au Evere, anakoweza kulipa.

Nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini humo huzunguka euro 1,000 kwa mwezi, na familia yenye watoto hulipa zaidi ya hapo. Mkataba wa kawaida wa kupanga ni wa miaka 9. Dhamana haizidi kodi ya miezi miwili, nayo kwa kawaida huwekwa katika akaunti iliyofungwa ambayo mwenye nyumba hawezi kuigusa peke yake. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji huizunguka nyumba pamoja na kuandika kila wanachokiona: ufa kwenye sinki, tundu la msumari ukutani, kitasa kilicholegea, namba zinazosomeka kwenye mita ya gesi, ya umeme na ya maji. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua, miaka kadhaa baadaye, kama dhamana inarudi yote au inarudi nusu. Mgeni anayeitia saini kwa haraka ili apewe ufunguo huja kujuta.

Baada ya pango huja joto. Gesi hulipwa kila mwezi kwa makadirio, kisha mwisho wa mwaka kampuni husoma mita na kufunga hesabu. Ukiwa umetumia zaidi ya makadirio, unadaiwa tofauti yote kwa mkupuo. Kila nyumba inayopangishwa inapaswa kuwa na cheti cha nishati chenye herufi kuanzia A hadi G. Nyumba ya G yenye kodi ndogo inaweza kumgharimu mpangaji zaidi ya nyumba ya C yenye kodi kubwa kidogo, hasa baridi ya Januari inapopita kwenye madirisha ya kioo kimoja. Bei za nishati zilipopaa mwaka 2022, familia nyingi zililijua hilo kwa maumivu.

Zipo nyumba za serikali zenye kodi inayofuata kipato, lakini zaidi ya kaya 50,000 za Brussels zimo kwenye orodha ya kuzisubiri, na kusubiri kwenyewe ni kwa miaka. Anayehamia leo asiziweke kwenye mipango yake.

Kodi kubwa, na kinachorudi

Ubelgiji inaongoza katika takwimu za nchi tajiri za OECD kwa makato ya mshahara. Kwa mfanyakazi asiye na familia anayepata mshahara wa wastani, zaidi ya nusu ya gharama yote anayoingia mwajiri huishia kwenye kodi na michango. Kijana anayeona tarakimu hizo kwa mara ya kwanza huamini ameibiwa. Inafaa afuatilie fedha hizo zinakwenda wapi.

Kwanza, mishahara, pensheni na posho hupandishwa moja kwa moja bei za bidhaa zinapopanda. Januari 2023, baada ya mwaka wa mfumuko mkubwa wa bei, wafanyakazi wa ofisini walio katika kundi kubwa kuliko yote la sekta binafsi walipandishiwa mshahara kwa asilimia 11.08 bila mgomo wala barua ya maombi. Ni nchi chache duniani zenye utaratibu kama huo.

Pili, kuna matibabu. Kila mkazi hujiunga na mfuko wa afya, unaoitwa mutuelle. Mgonjwa humlipa daktari wa familia takriban euro 30, kisha mfuko humrudishia sehemu kubwa ili yeye abaki amelipa euro chache tu. Mwenye kipato kidogo huwekwa katika daraja la kulipa kidogo zaidi. Katika zahanati nyingi za kijamii, mfuko huilipa zahanati moja kwa moja na mgonjwa hatoi kitu. Upo pia ukomo wa mwaka unaopangwa kwa kufuata kipato: familia ikishaufikia, mfuko hurudisha michango mingine ya mgonjwa inayohesabiwa chini ya ukomo huo. Mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au figo zilizochoka anaishi ndani ya ukomo huo. Katika miji mingi ya kwetu, ugonjwa wa namna hiyo huuza kiwanja, kisha gari, kisha nyumba.

Tatu, shule. Masomo ya msingi na sekondari hayana ada, na ni lazima kwa mtoto kuanzia miaka 5. Wazazi hupokea posho ya mtoto kila mwezi. Ada za shule binafsi zinazomnyima usingizi mzazi wa Nairobi au Kampala hazimo kabisa katika bajeti ya mzazi wa Schaerbeek.

Mlango wa kuingilia katika haya yote ni ofisi ya manispaa, ambayo wakazi wote huiita komini. Mkoa wa Brussels unazo 19. Mtu hujiandikisha katika komini ya mahali anapolala, kisha askari wa mtaa hufika nyumbani kuhakikisha. Ndiyo maana wenyeji humwambia mgeni abandike jina lake kwenye kengele na sanduku la barua siku ile ile anayohamia. Askari asipoliona jina anaweza kuondoka, na bila uandikishaji hakuna kitambulisho, hakuna mfuko wa afya, wala posho ya mtoto. Asiye na kibali hubakiwa na msaada wa dharura wa matibabu kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya komini yake. Kwake yeye, Brussels ni mji ghali kupita kiasi, kwa kuwa anazilipa bei zake zote na unafuu wake haumfikii.

Kuhama bila kuvuka bahari

Wapo wanaopata nafuu kwa kusogea tu. Charleroi, Liège na Verviers, miji ya viwanda vya zamani, ina nyumba za bei ya chini sana ukilinganisha na Brussels. Treni kutoka Charleroi hadi Brussels huchukua takriban saa moja. Familia inayohama hivyo hubaki na mfuko ule ule, shule zile zile za bure na pensheni ile ile. Inachopoteza ni muda wa njiani na ukaribu wa jamaa.

Wengine hutazama Ureno na Uhispania, wakifuata jua na pango dogo. Mstaafu mwenye pensheni ya Ubelgiji anapohamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya huchukua fomu ya S1 kwenye mfuko wake wa afya. Kwa fomu hiyo hutibiwa kama wenyeji, na Ubelgiji ndiyo inayobeba gharama. Hayo ni makubwa kuliko bei ya samaki sokoni Setúbal. Lakini zipo tahadhari mbili. Raia wa Ubelgiji ana haki ya kuhamia huko, ilhali mwenye kibali cha ukaazi cha kawaida hana haki hiyo moja kwa moja. Pia neema za kikodi hazidumu: Ureno iliwavutia wastaafu wa kigeni kwa miaka mingi kwa utaratibu maalumu wa kodi, na mwaka 2024 ikaufunga kwa waombaji wapya. Aliyechagua nchi kwa ajili ya punguzo la kodi peke yake amejenga juu ya sheria inayoweza kufutwa katika bajeti ijayo.

Nyumba ya Bukavu

Kwa wengi waliotoka mashariki ya Kongo, jibu la swali la uzeeni lilikuwa wazi miaka yote. Walijenga Bukavu, Goma au Uvira, chumba baada ya chumba, kwa fedha zilizotumwa kila zilipopatikana. Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, na Februari Bukavu ikafuata. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na watu wakakimbilia Burundi na kwingineko. Mtu aliyehesabu kwamba hatalipa pango tena maishani alijikuta ana nyumba asiyoweza kuifikia. Uchungu wa jambo hilo ni mkubwa kuliko hesabu yoyote ya fedha. Hata hivyo, nalo ni somo la makala haya: usalama ni sehemu ya bei ya nyumba, na mnunuzi huulipia hata kama haukuandikwa kwenye mkataba.

Lipo pia suala la uraia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Mkongomani aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji ili aishi kwa utulivu huko huhesabika kisheria kuwa amepoteza uraia wa kuzaliwa, na huomba viza kwenda kumzika mama yake. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na raia wake wanapaswa kunufaika na milango ya jumuiya hiyo. Mkongomani mwenye pasipoti ya Ubelgiji hubisha hodi Nairobi au Kampala kama Mbelgiji.

Milango ya Afrika Mashariki

Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010, Uganda kwa sheria ya mwaka 2009, na Rwanda na Burundi nazo zinauruhusu. Mwenye uraia wa nchi hizo anarudi nyumbani bila kuomba kibali. Asiye na asili ya Kenya akitaka kustaafia Mombasa au Nakuru huomba kibali cha daraja la K. Masharti yake ni umri usiopungua miaka 35 na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, yaani dola 2,000 kwa mwezi. Pensheni kamili ya Ubelgiji hupigiwa hesabu kwa miaka 45 ya kazi. Aliyefika Brussels akiwa na miaka 30 na kufanya kazi za mshahara mdogo hana miaka hiyo, na huenda pensheni yake isifike kiwango hicho. Ardhi nayo, mgeni huipata kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99.

Tanzania haijakubali uraia pacha kwa watu wazima. Imekuja na hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na hiyo ni hatua inayowafungulia mambo ya ukaazi na ardhi. Asiye na asili hiyo hapewi umiliki wa ardhi Bara isipokuwa kwa uwekezaji. Zanzibar imefungua njia yake kwa mgeni anayenunua nyumba katika mradi ulioidhinishwa, kuanzia dola 100,000, ambaye anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Ni fedha nyingi kwa aliyelea watoto wanne kwa mshahara wa hospitali, na nyumba za miradi hiyo zimekusudiwa zaidi watalii na wawekezaji.

Kigali ilikuwa ikisifiwa kwa usafi, usalama na bima ya afya iliyoenea vijijini. Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji na kuwapa wanadiplomasia saa 48 waondoke. Kwa mwenye familia pande zote mbili, karatasi iliyokuwa ikipatikana ubalozini sasa inataka safari na subira. Serikali mbili zikigombana, gharama ya maisha ya raia wa kawaida hupanda bila bei ya sukari kubadilika.

Bado maisha ya kila siku katika miji hii ni nafuu kweli. Pango la mwezi mmoja Brussels linaweza kulipa miezi kadhaa ya nyumba nzuri Bujumbura au Tanga. Msaidizi wa nyumbani anapatikana, samaki ni wabichi, na mzee hakai siku tatu bila kubishiwa hodi, jambo ambalo wazee wengi wa Ulaya wanalililia. Linalobaki ni hospitali. Nairobi na Dar es Salaam kuna madaktari bingwa, ila mlango wao hufunguliwa kwa fedha taslimu au bima binafsi, na bima hizo hupanda bei mtu anavyozeeka. Nyingine hazipokei kabisa mteja mpya aliyevuka umri fulani. Kwa matibabu ya kawaida ya Mombasa, mstaafu asitegemee mfuko wa Brussels kumlipia.

Pensheni inayosafiri na isiyosafiri

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kudhani kila fedha inayoingia kwenye akaunti ya mzee ni ya aina moja. Pensheni iliyotokana na michango ya kazi humfuata raia wa Ubelgiji popote duniani, mradi apeleke kila mwaka cheti cha kuthibitisha kuwa yu hai. Asiye raia anapaswa kuuliza kwanza, kwa kuwa haki yake inategemea uraia alionao na mikataba ya nchi anayokwenda.

Ipo fedha nyingine, iitwayo GRAPA, ambayo serikali humpa mzee ambaye kipato chake hakitoshi. Hiyo haisafiri. Anayeipokea haruhusiwi kukaa nje ya Ubelgiji zaidi ya siku 29 kwa mwaka, na mwaka 2019 matarishi wa posta walipewa kazi ya kuhakiki kama wazee hao wapo nyumbani. Wanaotegemea GRAPA ni wale wenye michango michache, wakiwemo wanawake waliofanya kazi za saa chache huku wakilea watoto. Mama wa namna hiyo, ambaye angefaidika kuliko wote kwa bei za Bujumbura, ndiye anayefungwa Brussels na fedha inayomlisha. Watoto wake wanapaswa kulijua hilo kabla ya kumkatia tiketi ya miezi mitatu kwa nia njema.

Mwenye kibali cha kudumu cha Umoja wa Ulaya naye ahesabu miezi. Akikaa nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo, kwa kawaida huipoteza hadhi hiyo. Anayetoweka zaidi ya miezi sita bila kutoa taarifa komini anaweza kufutwa kwenye daftari. Kuupata uraia nako kumekuwa ghali: mwaka 2025 ada ya maombi ilipandishwa kutoka euro 150 hadi 1,000. Kwa mwenye sifa, ada hiyo bado ni ndogo kuliko hasara ya kunyimwa pensheni au kukosa pa kurudi.

Kupanga mapema

Hakuna nchi moja iliyo nafuu kwa kila umri. Kijana mwenye afya, asiye na watoto na mwenye kazi inayofanyika kwa kompyuta anaweza kuishi vizuri Nairobi kwa fedha ambazo Brussels zingeishia kwenye pango. Familia yenye watoto watatu wa shule na kipato cha kawaida hunufaika zaidi Ubelgiji, pamoja na makato yake yote. Mstaafu mwenye nguvu na pensheni ya michango anaweza kuugawa mwaka: miezi ya baridi Afrika Mashariki, miezi mingine Ubelgiji, uandikishaji wake ukiwa hai na daktari wake akiwa yule yule. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na katika jambo hili mbacha ni ule mfuko wa afya.

Anayetaka kuhama moja kwa moja afanye majaribio nje ya likizo. Apange nyumba kabla ya kununua, na akae majira ya mvua, wakati barabara na umeme vinapojulikana tabia yake. Aipeleke orodha ya dawa zake kwenye duka la dawa la mji huo, aulize bei ya kila moja na kama hupatikana mwaka mzima. Aombe bima impe jibu kwa maandishi kuhusu umri wake na maradhi aliyonayo. Kisha akae na watoto wake mezani, mahesabu yakiwa wazi, waseme nani atamuuguza na kwa fedha ipi. Mazungumzo hayo yakifanyika akiwa na miaka 55, bado kuna muda wa kuongeza michango, kuomba uraia au kubadili mji.

Serikali zetu nazo zina deni. Wazee hawa wamejenga nyumba, wamesomesha wapwa na kuwazika ndugu kwa fedha za Ulaya kwa miaka 30 au 40. Wanachohitaji sasa ni kuruhusiwa kujiunga na bima za afya za taifa kwa kulipa mchango wa haki, uraia usiowalazimisha kuchagua kati ya pasipoti na kaburi la wazazi, na mikataba ya hifadhi ya jamii kati ya nchi za Afrika Mashariki na Ubelgiji inayolinda miaka waliyochangia. Nchi itakayoyafanya hayo kwanza itawapata wastaafu wenye pensheni ya uhakika ya kila mwezi, nao watapata nyumbani pa kuzeekea bila kuogopa siku ya kuugua.